Tonge la Shangazi Elieth

Naandika haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi hapa Nkuhungu, na mengine yameshafika mpaka Mkonze. Wifi yangu Elieth hakuwa mgonjwa. Hakuwa amekatazwa na mganga kula chakula cha nyumba yetu. Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi wa kiwanja wala wa kitu kingine chochote. Na siku ile ya posa hakutema chakula mbele ya wageni, kama anavyosimulia jirani yetu Mwanne, ambaye hakuwepo. Alikificha. Kuficha na kutema ni mambo mawili, na nitaeleza ilivyokuwa, ili atakayeendelea kusema aseme akijua kwamba anasema uongo.

Elieth ni dada wa pekee wa marehemu mume wangu, Ebenezer. Anapika na kuuza chakula cha mchana kwa watumishi wa ofisi za serikali, katika kibanda kisafi kuliko migahawa mingi yenye vioo. Kwa miaka mingi mwili wake ndio ulikuwa bango la biashara yake. Makarani walikuwa wakiambiana, "Twende kwa yule mama aliyeshiba." Na alikuwa ameshiba kweli. Akicheka, meza ilicheka naye. Kanisani alisimama mstari wa nyuma wa kwaya, na siku asipokuwepo ile sauti ya pili ilikuwa inatangatanga kama mbuzi asiye na mchungaji.

Ebenezer alipofariki, Elieth alifunga nyumba yake akahamia kwangu. Mimi nimekuwa mkuu wa shule ya sekondari, nimezoea kuwaambia watu la kufanya, lakini wakati ule wa msiba sikuweza kumeza hata uji. Elieth alikaa mbele yangu na sahani ya ugali wa uwele na mlenda, akafinyanga tonge, akalileta mdomoni mwangu mbele ya waombolezaji wote.

"Fungua mdomo, wifi," aliniambia. "Kaka yangu alioa mwanamke, hakuoa ufito."

Nilicheka matangani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika familia niliyolelewa. Kisha nikala. Huyo ndiye mtu ambaye leo wanasema anachukia chakula cha nyumba yangu.

Chanzo cha yote ni kiti. Mwaka juzi tulikwenda mazikoni katika kijiji cha Zuzu. Mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, kiti cha plastiki alichokalia Elieth kilipasuka miguu yote, naye akaenda chini na kitabu chake cha nyimbo. Vijana waliomnyanyua walikuwa wameuma midomo. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, wala si kwa kunong'ona, "Mleteeni benchi. La zege." Watu wakaangua kicheko pale pale, jeneza likiwa mbele yao.

Elieth alicheka kuwazidi wote. Lakini aliletewa kiti kingine, akakataa, akasimama juani mpaka kaburi likafunikwa. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Umeona, wifi? Nimewachekesha watu msibani." Nilidhani anatania.

Kuanzia siku iliyofuata hakugusa ugali, wala wali, wala chapati. Kupungua kwenyewe si kosa. Magoti yalikuwa yakimsumbua na daktari alikuwa ameshamshauri apunguze mwili taratibu. Tatizo ni kwamba Elieth hana kitu kinachoitwa taratibu. Alikuwa akiwapakulia makarani wali na nyama, kisha yeye anakwenda nyuma ya kibanda kutafuna matango. Jioni alikunywa mlenda mtupu, bila ugali, kama dawa. Nguo zilipoanza kumpwaya alizipeleka zote kwa Bartolomayo, fundi cherehani wa mtaani kwetu.

"Nizikunje kwa ndani, mama?" Bartolomayo alimuuliza.

"Usikunje. Kata. Vipande tupa."

"Na ukirudi mwili?"

"Ndiyo maana nakwambia kata."

Mwanzoni watu walimsifu. "Shangazi umekuwa binti!" Baadaye sifa zikaisha, wakaanza kumwangalia usoni na kuniuliza mimi kwa sauti ya chini kama yuko salama. Makarani nao wakapungua kibandani. Mpishi akikonda ghafla, mteja huanza kutazama sufuria. Kisha siku moja akiwa anasonga ugali, mwiko ukamtoka mkononi, akaanguka. Edina, muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye ni mtoto wa rafiki yangu, alimpima kila kitu. Hakuna ugonjwa uliopatikana. Nalisema hili wazi kwa sababu najua lilivyosemwa.

"Shangazi, huumwi. Una njaa," Edina alimwambia. "Umeshapungua vya kutosha. Sasa rudi kula kama watu, kidogo kidogo, kila mlo kwa wakati wake."

"Nikirudi kula kama watu nitarudi kuwa kama nilivyokuwa."

"Hutarudi huko kwa sahani moja ya ugali. Na nikuambie mapema usije ukashtuka: mwanzoni utaongezeka. Ni mwili unajaza maji na nguvu ulizoishiwa. Acha ujaze, utatulia wenyewe."

Elieth aliitikia kwa heshima zote. Mchana ule alikula sahani ndogo ya wali. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa wale wanaopima uzito barabarani karibu na stendi, akakuta mshale umesogea. Edina alikuwa amemwambia utasogea. Lakini kuambiwa ni jambo moja, na kuuona mshale ni jingine. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, na kabla ya kukaa alikibonyeza kiti kwa mikono miwili, kama anavyobonyeza mtu embe sokoni. Viti vyote alivifanyia hivyo tangu Zuzu, hata vya mbao, hata mabenchi ya kanisani.

"Wifi, kile kiti bado kinanifuata," alisema, akarudia matango yake.

Hapo ndipo posa ilipotukuta. Binti yangu Evelina alikuwa anaposwa na Ludovick, kijana mstaarabu wa Mkonze, na wazee wa upande wake walikuwa wanakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Msemaji wao alikuwa Mzee Mazengo, baba yake mkubwa Ludovick, mtu wa desturi kuanzia kofia mpaka viatu.

Sasa, wasiojua wajue. Katika nyumba zetu, wageni wa namna hiyo hawaanzi kula. Shangazi wa binti ndiye anayepika, na ndiye anayekula tonge la kwanza mbele yao, akalimeza wakimwona. Vijana wanaliita kutoa sumu na wanalifanyia utani. Wazee hawana utani nalo. Tonge lile ndilo linalosema: binti yetu tunampa kwa moyo mweupe, na chakula hiki ni chetu sote.

Elieth alipika siku ile kama anapikia malaika. Ugali wa uwele uliosongwa ukang'aa, kuku wa kienyeji, mlenda, maziwa mgando. Mzee Mazengo aliingia na salamu zake za Kigogo, Evelina akapiga magoti, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu," maji ya kunawa yakazunguka. Kisha kila mtu akamgeukia shangazi.

Elieth alikata kipande cha ugali kisichozidi punje ya haragwe. Akakichovya. Akakipeleka mdomoni, na mkono uliposhuka ukapitia kwenye khanga, kile kipande kikabaki humo. Mimi nilikiona. Mzee Mazengo naye alikiona. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sinia. Akaurudisha na kuuweka juu ya goti. Wenzake wote wakarudisha mikono yao.

"Shangazi," alisema kwa upole, "chakula hiki umepika wewe?"

"Nimepika mimi, baba."

"Na wewe mwenyewe hukili?"

Elieth aliikaza ile khanga yenye kipande. Angejibu nini? Kwamba anaogopa kiti? Wageni walishukuru kwa maneno mazuri, wakaomba radhi kwamba safari ni ndefu. Kutoka Nkuhungu kwenda Mkonze si safari ndefu. Waliondoka bila kunywa hata maji, na ugali ukabaki kwenye sinia ukipoa, mzima kama ulivyoletwa.

Evelina hakumgombeza shangazi yake. Alilia tu, amejifungia chumbani. Ludovick alipiga simu kusema kwamba wazee wamekasirika lakini watakuja tena mara moja tu. Wakiona yale yale, hawatarudi. Jioni hiyo hiyo nilimwambia Elieth kwamba nitamwomba dada yangu wa Kondoa aje asimame badala yake.

Nilimwona akikaza shingo, kama alivyokuwa akifanya Ebenezer.

"Dada yako ni mama mkubwa. Shangazi ni mimi. Kaka yangu hakuacha mwingine."

"Basi utakula?"

"Nataka. Lakini nikiliangalia tonge, namwona yule mwanamke wa benchi la zege." Macho yakamjaa machozi. "Wifi, nikinenepa tena wakanicheka kwenye harusi ya mtoto?"

Nilikwenda jikoni, nikasonga ugali mwenyewe, nami si msongaji. Ulikuwa na madonge na nilijua. Nikakaa mbele yake, nikafinyanga tonge, nikalipeleka mdomoni mwake.

"Fungua mdomo, wifi. Kaka yako aliacha dada, hakuacha ufito."

Alilitafuna muda mrefu. "Huu ugali mbichi," alisema.

"Meza."

Akameza. Tangu siku hiyo tulikula pamoja kila mchana. Nilikuwa nakwenda mpaka kibandani, nikikaa kati ya makarani na khanga yangu begani. Siku nyingine alimaliza sahani, siku nyingine alisukuma nusu na kugeuza uso. Wapima uzito wa stendi walimwita, "Mama, njoo leo bure!" naye akapita amenishika mkono kama anayevuka mto. Mwili uliongezeka kidogo, kama Edina alivyosema. Magauni aliyoyakata yakambana. Ndipo nilipokwenda kwa Bartolomayo na kitambaa cha sare ya posa, nikamwagiza aache nafasi nene ya kitambaa ndani ya mishono, kote ubavuni.

"Mama Elieth alisema asiachiwe hata kidole," alinikumbusha.

"Nani analipa ushonaji?"

"Wewe, mama mwalimu."

"Basi acha."

Elieth alipolivaa gauni alipapasa ubavu, akazikuta zile akiba za kitambaa, akaniangalia. Hakwenda kuzikata.

Wageni walipokuja mara ya pili nilikuwa nimeshapanga maneno ya kueleza yaliyopita, maneno ya adabu kuhusu uchovu na jua kali. Elieth hakunipa nafasi. Alisimama na beseni la kunawia mkononi, akawaambia wakwe watarajiwa habari nzima: Zuzu, mchungaji, kiti, benchi la zege, matango, khanga. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Alipofika kwenye benchi, Mzee Mazengo alijikaza, mabega yakamtikisika, mwisho akashindwa, na wazee wote wakacheka na Elieth akacheka nao, kile kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia nyumbani kwangu tangu mazishi yale.

Kisha Elieth akaweka beseni chini, akanawa. Alikata tonge la mkono wa mtu mzima, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota mlenda ukafuata kwa uzi wake mrefu, akala. Tulimwona akimeza. Akakata la pili ambalo desturi haimdai, akalila na kipaja cha kuku.

"Haya," alisema Mzee Mazengo, akikunja mikono ya shati. "Sasa utuachie na sisi."

Walikula mpaka sinia likabaki kung'aa. Evelina alileta viti vya plastiki uani kwa ajili ya maongezi. Elieth alivuta kimoja, akakaa. Hakukibonyeza kwanza. Sidhani kama mwenyewe alijua kwamba hakukibonyeza, nami sikumwambia.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na Evelina ameshaolewa kanisani mbele ya watu. Wapo wanaonisimamisha njiani mpaka leo, Mwanne akiwa wa kwanza, wakitaka kujua wifi yangu sasa ana kilo ngapi, na zile akiba za kitambaa zimefunguliwa ngapi. Mimi najua. Bartolomayo anajua. Sitasema.