Safu Thelathini za Parachichi

Mjomba wangu alikuwa na bunduki yenye kibali, na wakulima wa Wanging'ombe walimwita kila nguruwe pori walipovamia viazi. Kwake kupiga mbali hakukuwa sifa. "Mbali ni pale ambapo huna hakika mnyama atakufa palepale," alikuwa akisema. Kwa bunduki yake, ikizidi mita mia na hamsini ni mbali. "Hapo mwache ale viazi vya watu, sisi twende tukanywe chai."

Kazi yangu ilikuwa kumhesabia. Nimekulia kwenye mashamba ya paina huko Njombe, na sisi umbali tunaupima kwa safu: safu hadi safu mita tatu. Nilihesabu huku nikiwaza pikipiki niliyoota kuinunua siku moja.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa unaachia. Mjomba alilala nyuma ya tuta, na kutoka pale chini aliona mgongo wa nguruwe tu. Mimi nilisimama kwenye kichuguu, nikaona na vichwa vya miche juu ya nyasi.

"Safu ngapi?" mjomba akaninong'oneza.

"Thelathini. Mita tisini."

"Una hakika, au umeshapanda pikipiki yako?"

"Nimehesabu mara mbili, mjomba."

Akapiga. Nguruwe akaangukia matako, akajiinua kwa miguu ya mbele, akalia. Akajikokota hadi kwenye kichaka cha bondeni, bado analia. Tulifuata damu hadi mchana, mvua ikaja ikaifuta.

Wakati wa kurudi nikapita katikati ya ile miche. Haikuwa paina. Ilikuwa miparachichi, na kutoka safu moja hadi nyingine nilipiga hatua saba ndefu. Zilikuwa mita mia mbili na kumi.

"Macho yangu yamekwisha," mjomba akasema, akifuta mvua usoni. Nikanyamaza. Wiki ileile akairudisha bunduki polisi.

Sasa nafanya kazi Makambako, kwenye kiwanda cha mbao. Nacheka na wenzangu, natania wauza chai. Lakini msumeno ukikuta fundo hulia kama yule nguruwe, nami hujikuta nimegeuka kuangalia bondeni, na hapa hakuna bonde.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikampigia mjomba simu, nikamweleza yote: miche, hatua saba, kunyamaza kwangu.

Nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Kwa hiyo hayakuwa macho," akasema.

"Hapana, mjomba. Nilikuwa mimi."

"Na mimi nilimlenga kama wa mita tisini." Akavuta pumzi. "Maskini, mnyama wa watu. Sijui alilala na jeraha siku ngapi."

Nilisubiri anigombeze. Aliniuliza tu kama Makambako kuna baridi, nikamjibu ipo.