Bomba la Kupimia Lililonyweshwa

Jamani, leo maji ya chini ya ardhi yamepanda hapa Ilemela kando ya ziwa, na mvua hakuna!

Juzi sisi wapima maji tulichimbia bomba la kupimia kina cha maji hayo, jirani na kiwanda kipya cha minofu ya samaki, tuone kama visima vyake vinayamaliza. Leo tumeshusha kamba, maji yako juu. Tukabishana weee.

Mara mama jirani akaja na ndoo kichwani, akamimina maji yote bombani.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Pampu si mpaka uipe maji kwanza ndiyo itoe? Tangu juzi naipa, nayachota ziwani."

Nikamweleza kwamba hilo ni la kupimia tu.

"Mkishapima mkakuta yanaisha, mtatuletea mengine?"

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nilichukua ile ndoo, nikashuka ziwani kumchotea.