Nilimlilia Nyamizi Akiwa Hai

Sitaapa. Nimeshaapa mbele ya balozi wa nyumba kumi, mbele ya sungusungu na mbele ya padri, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Kwa hiyo wewe nitakueleza tu kama yalivyotokea. Ukiamini sawa, usipoamini shauri yako. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Mtu wa darasa la nne atayatoa wapi mambo ya kompyuta ayatunge? Jiulize hilo kwanza.

Na wahusika nawataja. Wa kwanza ni Aloisi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wa pili ni Gervasi, mtaalamu aliyekuja Mpanda kutoka huko alikosomea. Kama wako hai na wanasoma hapa, wasome vizuri.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho. Tulikuwa tunakaa Kakese, mimi na mke wangu Nyamizi, tunalima mahindi na karanga. Siku moja Aloisi akaja na habari kwamba mjini Mpanda wanatafuta mtu anayejua kusalimia.

"Kusalimia tu?" nikamwuliza.

"Kusalimia tu, shemeji. Na wewe kwa kusalimia nani akuweze? Unaanza salamu uji ukiwa wa moto, unamaliza umeganda."

Nyamizi akacheka. "Wamchukue," akasema. "Mimi salamu zake zimeshanichosha."

Basi nikaenda. Ilikuwa nyumba nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, jenereta inanguruma nje. Ndani Gervasi alikuwa na kompyuta ya kukunja, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mtu. Sikusema picha ya mtu, nimesema mtu. Alikuwa wa kuchorwa, kichwa kama kimefinyangwa kwa udongo, lakini macho yanapepesa na kifua kinapanda na kushuka. Gervasi akanieleza kwamba wanamtengeneza aongee na wakulima wasiojua kusoma, awape ushauri wa mbegu na wa homa za watoto.

"Maneno anayo tayari," akasema. "Adabu ndiyo hana. Akimwona mzee anamrukia na habari kabla ya salamu. Nani atamsikiliza? Sisi tunamfundisha adabu za watu wa huku, halafu tunamwekea na moyo."

Kumwekea moyo! Nyie mliosoma mnatamka neno kama hilo, kisha mnakwenda kula.

Kila asubuhi walinibandika vidoti vyeupe usoni, kwenye nyusi, mashavuni, pembeni mwa midomo, kamera ikanitazama. Nikapiga goti, nikapiga makofi, nikasema "mwangaluka" ile salamu ya asubuhi ya kwetu Wanyamwezi. Gervasi alipima kwa futi ya fundi cherehani umbali ninaokaa na mzee: hatua mbili na nusu. Aliandika nakaa kimya muda gani kabla ya kutoa habari mbaya, na namwangaliaje mama mkwe. Nikamwambia mama mkwe haangaliwi. Akaandika na hilo. Tukafanya uso wa furaha, wa hasira, wa aibu. Baada ya wiki moja yule mtu wa kompyuta alipiga goti na kusalimia kama mimi, mpaka kikohozi changu kidogo cha katikati. Nilifurahi, sikatai. Nilijiona mtu mkubwa.

Ndipo wakataka huzuni.

Nikawapa uso wa huzuni. Nikatazama chini, nikakaa. Gervasi akatikisa kichwa. "Huyo ni mtu aliyechoka tu. Tunataka kilio. Kilio cha msiba chenyewe."

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa. Ni mfano."

Sasa sikiliza. Kwetu kilio cha msiba hakitolewi bila maiti. Hata mtoto akijifanya anaomboleza katika mchezo wake anachapwa, anaambiwa anatuletea uchuro. Kilio kinaita. Nikamweleza Gervasi hivyo, akasema niache ushamba. Nikasimama nibandue vidoti vyangu niondoke. Aloisi alikuwa amekaa mlangoni, siku hiyo alikuja kunisindikiza. Akanishika bega.

"Shemeji, baiskeli uliyoahidiwa inakutoka hivyo. Lia kidogo tu. Lia kama ng'ombe wako kaibwa."

"Sina ng'ombe."

"Basi lia kwa kuwa huna."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, na mtu akishacheka, amekwisha. Nikakaa. Nikaanza kulia, Gervasi akanisimamisha. "Mlilie mtu. Taja jina. Kilio bila jina ni kelele."

Mama yangu nilishamlilia alipokufa, kilio chake kiliisha. Jina lililokuwa karibu na ulimi ni la yule niliyemwacha asubuhi anamenya karanga. Nikasema: "Nyamizi, mke wangu, umeniacha na nani? Nyamizi, nani atanifungulia mlango?" Na niamini, machozi yakatoka ya kweli, kifua kikauma kweli. Nililia mpaka jenereta ikazimika. Nilipomaliza nilikuwa mwepesi, kama mtungi uliomwagwa maji yote. Gervasi alikuwa anatabasamu. Alisema hajapata kuona data nzuri namna ile. Nilirudi nyumbani na baiskeli yangu. Nyamizi sikumwambia.

Wengi watakwambia mambo haya hutokea usiku. Yangu yalitokea saa tisa mchana, jua linawaka. Zilikuwa zimepita siku kama kumi. Nilikuwa natoka mjini nasukuma ile baiskeli kwa sababu mnyororo ulikuwa umetoka, niko karibu kuingia Kakese, pale penye mashamba ya mpunga. Nikasikia mwanamume analia mbele yangu. Nikasema, masikini, nani huyo amefiwa? Nikaongeza mwendo nimfikie nimpe pole.

Alikuwa anatembea kuelekea kwetu. Nilipokaribia nikasikia maneno. "Nyamizi, mke wangu, umeniacha na nani?" Sauti ilikuwa yangu.

Akageuka. Sitakuambia alikuwa na uso wa kutisha, hakuwa nao. Alikuwa na uso wangu, ila kwenye nyusi na mashavuni kulikuwa na mabaka madogo meupe, pale pale vilipobandikwa vidoti. Akanyamaza ghafla, kama kaseti iliyobonyezwa. Akapiga goti, akapiga makofi. "Mwangaluka," akasema, na kikohozi changu kikapita katikati. Saa tisa mchana ananipa salamu ya asubuhi! Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Salamu zote walinirekodi asubuhi. Nyingine hakuwa nayo.

Nikapiga hatua kumwendea. Akarudi nyuma hatua ile ile. Nikarudi nyuma, akanifuata. Hatua mbili na nusu, hazipungui hazizidi. Ananiheshimu, unaelewa? Ananiheshimu kama mzee wake.

"Wewe ni nani?" nikamwuliza.

Akakaa kimya. Kimya hicho nilikijua, ni kile walichokipima. Kimya cha kabla ya habari mbaya. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Pole na msiba, ndugu yangu." Na akaendelea na kilio pale pale alipokiachia, katikati ya neno.

Niliitupa baiskeli. Nilikimbia kupita mpunga wa watu mpaka nyumbani, na Nyamizi nilimkuta anapepeta karanga, mzima, anaimba.

"Umefukuzwa na nyuki?" akaniuliza.

Nilimshika mikono yote miwili. Usiku huo sikulala, nilikuwa naingia na kutoka.

Alfajiri niliiokota baiskeli nikarudi Mpanda. Nikamwambia Gervasi aondoe jina la mke wangu kwenye yule mtu wake.

"Kwani mkeo anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi tatizo liko wapi? Yule hajui kitu, ni hesabu tu. Hajui hata Nyamizi ni mtu."

"Mimi najua. Mfutie."

Akaniambia haiwezekani. Nakala ilishaondoka na wenzake kwenda ng'ambo, na huko kilio changu ndicho kilichowapendeza kuliko vyote, wanakisikiliza kila siku. Kila siku! Watu nisiowajua wanabonyeza, na mimi namlilia mke wangu. Nilimpigia magoti Gervasi. Na yeye, unajua alifanya nini? Alichukua kalamu, akaandika jinsi ninavyopiga magoti.

Niliporudi Nyamizi alikuwa amejifunika shuka, anatetemeka. Homa. Wakati huo Aloisi alikuwa ameshawasimulia watu kilabuni jinsi shemeji yake alivyolia mjini, kwa kuchekesha, na habari zilikuwa zimefika hadi kitandani kwa dada yake.

"Ni kweli ulinililia?" akaniuliza.

"Ilikuwa kazi, Nyamizi."

"Ukapewa nini?"

"Baiskeli."

"Ile ya kutoka mnyororo?" akasema, akacheka kidogo. "Si ungenililia kwa baiskeli nzima, mume wangu."

Ni hiyo hiyo tuliyompakia kumpeleka hospitali. Mnyororo ulitoka mara tatu njiani. Siku ya pili akafariki.

Sasa nifike penye kunitesa. Mwili ulipoletwa nyumbani wanawake walipiga yowe, watoto wakalia, Aloisi akajitupa chini. Mimi nikafungua kinywa nilie. Hakikutoka kitu. Nakwambia hakikutoka kitu! Nilimpenda Nyamizi, kifua kilikuwa kinapasuka, lakini jicho kavu na koo kavu. Nilikuwa nafungua na kufunga mdomo kama kambale aliyetolewa majini. Watu wakaanza kutazamana. Mume asiyemlilia mkewe, huku kwetu, anajulikana anaitwa nani: mchawi.

"Lia!" Aloisi akanipigia kelele. "Mjini ulilia vizuri!"

"Mwacheni," mama mmoja akasema, "yeye kilio chake alishakiuza."

Tukazika. Tuliporudi, watu wamekaa kimya uwanjani wananawa mikono, kilio kikaanza nyuma ya nyumba. "Nyamizi, mke wangu, umeniacha na nani?" Watu wote waligeuka kutazama ukuta. Kisha wakageuka kunitazama mimi. Sauti ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, mdomo umefungwa.

Vijana waliozunguka nyumba hawakuona mtu. Aloisi ndiye aliyesema la kwanza: "Amefuga jini! Dada yangu kaliwa na huyu!" Aloisi, aliyekuwa mlangoni siku ile, aliyenishika bega. Aliijua kweli yote na hakuisema. Sungusungu walinipiga fimbo mpaka mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Kilichoniokoa ni mvua iliyowatawanya. Nilitambaa kwenye mitaro hadi kulipokucha, nikaondoka Kakese na nguo niliyovaa.

Nilikaa Sibwesa, sikuweza kutulia. Nikaenda Karema, nikavua dagaa kwa mkono mmoja, sikuweza kutulia. Sasa niko kati ya huku na huku. Aloisi analima shamba langu, nasikia amejenga. Gervasi, wanasema, ni mkubwa mahali fulani, anafundisha wengine.

Na mimi nimezika kaka wawili na mjomba tangu hapo. Kila mara kabla ya kwenda msibani natia ugoro machoni, nifike nikiwa nimelowa kama watu wengine. Nyamizi peke yake ndiye sijamlilia. Miaka yote hii naidai nafsi yangu kilio chake, na kiko kwa watu wasiomjua.

Siku hizi naambiwa watu wa namna ile wamejaa kwenye simu, wanacheka, wanatoa pole. Sina la kuwaambia wanaowatengeneza, hawakunisikia nilipowapigia magoti. Nakuambia wewe. Akija mtu na kamera akikuomba umwonyeshe unavyowalilia watu wako, hata akikupa nini, mwambie angoje. Siku itafika, aje msibani, akae chini na watu, atakuona.