Maji ya Nguruwe Katika Mihogo ya Shangazi

Nimekosa, jamani, na msinitafutie kisingizio. Vyote nimeshavijaribu mwenyewe, hakuna kilichonitosha!

Mimi ni kijana wa Rumonge. Nilisoma biolojia chuo kikuu Bujumbura, nikarudi na diploma na ugonjwa mmoja: kukusanya mifupa. Wenzangu wanakusanya jezi, mimi mafuvu. Ninalo la mbuzi, la paka, la kambale mwenye kichwa kama koleo. Nayaosha, nayang'arisha, meno yaliyong'oka nayabandika kwa gundi. Ukiona taya linavyokaa mahali pake, utanielewa. Au hutanielewa.

Naishi kwa shangazi. Anauza ubuswage, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani, na mtaa wetu wote wa Waislamu unamjua kwa mkono wake safi. Mkono huo ndio ulionisomesha.

Basi, mkulima mmoja wa michikichi huko Kigwena akaua nguruwe wa pori aliyekuwa akimmalizia mihogo yake. Kichwa akanipa mimi. Meno yamepinda kama mwezi mwandamo!

Fuvu huoshwa kwa subira. Unalilowesha, unafunika, nyama inaoza na kuachia yenyewe. Shida ni harufu. Nikawaza: nyumba gani hapa inanuka uvundo kila siku na hakuna anayeuliza? Ya kwetu! Nikaweka pipa langu nyuma ya nyumba, sambamba na mapipa ambamo shangazi hulowesha mihogo mpaka ichache na kunuka. Nikajiona mjanja!

Kumbe shangazi ana desturi. Akilowesha mihogo mipya, huchota kopo la maji ya zamani kuiharakisha. "Maji ya kale yanafundisha mapya kazi," husema. Asubuhi moja nikamkuta ameinamia pipa langu, kopo mkononi, keshamimina kwenye mihogo mipya.

"Hii iko imeiva vizuri," akasema. "Ni weye uliweka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Urakoze, asante, mutoto wangu. Leo umenisaidia."

Nikalifunika pipa langu, nikaingia ndani!

Nikapiga hesabu za kisomi: mihogo itapikwa, vijidudu vitakufa, nani ataumwa? Mfupa ni mfupa. Tena nguruwe yule alitamani mihogo maisha yake yote, amekufa, ikamfuata! Nikacheka peke yangu. Mimi ninayemuuliza kila mtu "kwa nini?", sikujiuliza nani kanipa haki ya kuwachagulia watu wanachotia mdomoni.

Ubuswage ule ulikuwa wa arusi ya jirani. Siku yenyewe wanawake wamejaa uani, wanapanga mikate kwenye mabeseni. Shangazi akafungua mmoja, akanimegea kipande cha kwanza.

"Kula, fundi wa maji."

Nikakirudisha kipande kwenye beseni!

"Msile," nikasema. "Kwenye pipa langu kuna kichwa cha nguruwe."

Kisha Bi Salima, jirani yetu: "Nguruwe ya wapi?"

"Ya Kigwena," nikajibu, kana kwamba anwani ingesaidia.

"Na weye umesoma?"

"Nimesoma."

"Ungesoma zaidi, ungetulisha na mukia!"

Mikate yote ikaenda shimoni. Arusi ikala wali. Shangazi hakunitukana. Aliosha mapipa mara saba, moja kwa udongo, ndipo akaniuliza jambo moja tu: "Siku ile ya kopo, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akainua ndoo yake, akaenda zake. Afadhali angenipiga!

Fuvu nimelifukia kulekule Kigwena. Hayo mengine bado ninayo, sidanganyi. Kosa langu halikuwa mifupa. Wewe unayependa mambo yako ya ajabu, yapende, lakini usiyafiche katika kazi ya mtu mwingine. Na ukikosea, sema papo hapo! Siku ile ningesema, lingemwagwa pipa moja.

Siku hizi namsindikiza shangazi sokoni, namshikia beseni. Wateja bado wanakuja. Ila kila mmoja anaunusa mkate kwanza, ndipo anatoa pesa. Shangazi anatazama pembeni mpaka wamalize kunusa.