Kilio cha Darajani

Juzi, kwenye daraja la zamani kule kusini, niliona wageni wakipiga picha huku askari akiwachekea. Nikakumbuka alasiri moja ya wakati wa vita, baba aliponitoa Kigali kwenda kuliona daraja hilohilo, kwa kuwa alipenda majengo ya kale.

Chuma kilinuka kutu. Baba alikuwa akikigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake askari alipotujia.

"Mzee, iko nini unapima hapa? Nani amekutuma?"

"Hapana, afande. Binti yangu anaogopa kuvuka. Namwonyesha kwamba daraja ni imara."

Mimi, niogope! Miti niliipanda kuwashinda kaka zangu wote.

"Kweli unaogopa, katoto?"

Kiganja cha baba kilikuwa kimelowa jasho. Nilidhani ni joto. Nilitaka kusema kwamba baba ni mwongo, lakini kwa hasira nikaangua kilio.

"Mtoe hapa, mzee. Unatesa mtoto bure."

Leo najua watu walikamatwa kama wapelelezi kwa kutazama daraja tu. Siku ile sikumsemesha baba. Alinibeba mgongoni hadi kituo cha basi, akirudia, "Asante, mama, asante." Nikaamini ananidhihaki.