Sindano ya Mama Mkwe

Ukitaka kunikasirisha, njoo nikiwa nachambua maharagwe yangu uniambie kwamba wanafunzi wa uganga wa hospitali wanakula bure na kulala bure. Wanalala saa ngapi? Nilikuwa mchumba wa mmoja wao, kwa hiyo usinifundishe.

Anaitwa Viateur, mtoto wa mzee Sebarenzi wa Lushebere. Mwaka wa 1951 mapadri walimtoa kwenye shule ya msingi, wakampeleka kusomea kazi ya kutunza wagonjwa katika hospitali ya misioni, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Walikale. Alikuwa na mikono mizuri. Hata mbuzi aliyevunjika mguu alimfunga kijiti, na mbuzi akatembea. Mapadri waliona hilo, wakasema huyu ni muganga. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Shuleni kwetu tulisoma kwa Kiswahili. Kule mifupa yote ya mtu ilikuwa kwa Kifaransa, na mtu, Mungu asifiwe, ana mifupa mingi. Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilifungiwa katika kabati ya Masera, yule mtawa aliyewafundisha. Kabla ya kusoma chochote walipangusa sakafu za wodi, wakamwaga vyungu vya haja vya wagonjwa na kuchemsha sindano. Mchana walilima shamba la hospitali, na usiku mmoja mmoja alikesha zamu. Kesho yake darasani kope zikimwangukia, alisimamishwa ukutani mbele ya wenzake. Kila Jumamosi pointi zilisomwa kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wapishi na wafua nguo wakisikiliza. Wa mwisho alichotea jiko maji wiki nzima, na wapishi walimwita Dokteri wa Ndoo.

Halafu kulikuwa na sisi watu wa mlimani. Sisi ndio tulikuwa mzigo wenyewe! Kwetu mtoto akipelekwa shule ya uganga Jumatatu, Jumanne watu wanamletea majipu. Kila mgonjwa kutoka Lushebere au Muheto aliyefika hospitali aliuliza, "Mutoto wetu iko wapi?" Mtoto wetu lazima amtafutie blanketi, amtafutie kuni, amwombee chumvi jikoni, asimame naye mbele ya mlango wa Dokteri kama wakili. Akisema ana somo, basi amekuwa Mzungu, ametusahau. Likizo ikifika, baba yake hakumwuliza kama anakula. Alimwambia tu, "Usituletee aibu."

Wenzake wawili walishindwa. Mmoja alitoroka. Wa pili alianza kucheka peke yake darasani, wakamrudisha kwao amefungwa kamba kwenye machela. Viateur alibaki, lakini alikauka. Mara moja tu aliniambia ukweli, nilipompelekea viazi.

"Béata, nikiona ule mulango wa klasi, miguu inataka kurudi Lushebere. Hata mifupa nilishika yote, nikisimama mbele ya Masera inapotea."

"Vumilia," nilimwambia. "Mwaka mmoja tu."

Ng'ombe wa mahari alikuwa amekwisha kuletwa kwetu, na ndoa ilikuwa inangoja diploma. Nami nilikuwa nimechoka kungoja, siwezi kuficha.

Mwezi wa sita wa mwaka wake wa mwisho, mama yangu Mukandori akashikwa na kichomi. Tulimbeba kwenye machela kutoka Muheto hadi ile hospitali. Akalazwa kitanda cha sita katika wodi ya wanawake. Kitanda cha saba alikuwa Nyiransabimana, jirani yetu wa mlimani, mwanamke wa maneno mengi mwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Kwetu mkwe hamwangalii mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, na jina lake halitamki, hata kama nyumba inaungua. Tangu mama alazwe, Viateur hakukanyaga wodi ile. Alizungukia nyuma ya jiko, akanipa salamu nimpelekee, akaondoka kichwa chini. Masera alimwandikia utoro. Na kweli ulikuwa utoro, lakini angefanya nini?

Siku moja kabla ya mtihani wa mikono, rafiki yake Polycarpe, kijana wa Walikale, alinifuata kwenye mafiga yangu nyuma ya wodi, nikimpikia mama.

"Dada Béata, iko mambo. Kesho kila mwanafunzi atapiga mugonjwa sindano mbele ya Dokteri. Viateur walimupa kitanda ya sita."

"Ya mama?"

"Ya mama."

"Si aombe ingine?"

"Alisha omba. Dokteri alimujibu, mugonjwa iko mugonjwa, muganga hana mama mukwe. Masera akasema kama hataki, arudi kwao kulima maharagi."

Nilikwenda kumwambia mama. Kichomi kilikuwa kinambana pumzi, lakini aliinuka akakaa.

"Niache nife na kichomi yangu. Mukwe wangu aone matako yangu? Mimi Mukandori?"

Akajifunika uso, akalia. Sikupata usingizi. Nilimkasirikia Dokteri, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia hata yule aliyegundua sindano. Na hayo matako! Kwa nini dawa ya kifua isipigwe kifuani?

Asubuhi Masera alitufukuza wote tuliokuwa tunatunza wagonjwa. Tukatoka nje. Baba mdogo wangu Hakorimana, aliyetusimamia tangu baba afariki, alikuwa amefika na mzigo wa mihogo. Nikasimama naye kwenye dirisha la wodi, ambalo halikuwa na kioo, wavu tu.

Nikaona kitanda cha sita. Mtu alilala ubavu, uso kwa ukuta, kichwa kimefunikwa na kitenge cha mama. Nikatazama kitanda cha saba. Blanketi lilivutwa hadi puani, na juu yake macho mawili yalinitazama. Yalikuwa macho ya mama.

Walikuwa wamebadilishana! Mara tu tulipotolewa, Nyiransabimana alikuwa amemsukuma mama kitandani kwake. Baadaye aliniambia mwenyewe alivyomshawishi: "Nilimwambia, matako ni matako, Dokteri hatajua ya nani." Wala haikuwa sadaka kubwa kwake. Zamani zile watu walipenda sindano kuliko nyama. Alisema huenda ingemponya na mguu.

Nilitaka kucheka. Kisha Viateur akaingia na sinia yake, na kicheko kikanikauka. Hakuna aliyemwambia. Alikuja kichwa chini mpaka kitandani, kama mkwe mwenye adabu, na kwa adabu hiyo hakuona kitu. Nilikwaruza wavu kwa kucha, hakugeuka. Ilikuwa sheria ya Masera kwamba kabla ya sindano umwite mgonjwa jina lake na umtazame. Viateur hakumtazama, na jina hakuita. Akafumba macho kidogo, midomo ikicheza, sijui alikuwa anasali au anahesabu mifupa. Akafumbua, akafunua blanketi kidogo tu, akachoma.

Alichoma vizuri. Yule wa kitandani hakushtuka hata kidogo. Akaeleza alichofanya kwa Kifaransa, na Dokteri akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

"Amemupiga!" baba mdogo alinguruma pembeni yangu. "Amemupiga mama mukwe wake!"

"Siyo mama," nikamnong'oneza. "Tazama kitanda ya saba."

Kumbe Masera alikuwa anasogea kutengeneza blanketi. Alilivuta, akaona bandeji ya mguu. Akasimama. Akasoma kibao cha kitanda, akatazama tena mguu.

"Mukandori iko wapi?" Dokteri aliuliza.

Mama yangu alikuwa mtu wa kwenda misa kila siku, uongo ulikuwa haumpiti kooni.

"Niko huku, Dokteri," alisema kutoka kitanda cha saba.

Sinia ilianguka. Nyiransabimana akageuka, akaketi, akaanza kupaza sauti kabla hajaulizwa. "Mimi ndiye nilisema tubadilishane! Sindano ni dawa, haiuwi muntu. Musimugombeze mutoto!"

Dokteri alikuwa mwekundu kama nyanya. Alisema maneno mengi ya Kifaransa kwa haraka, halafu Masera akayageuza kwa Kiswahili ili wanawake wasikie na washike adabu. Laiti angeyasema kwa Kifaransa tu, mambo yangekuwa mengine.

"Viateur, jibu moja tu. Kama hukujua, hilo ni kosa la uzembe. Hukutazama, hukuita jina. Umeshindwa, lakini utarudia mwaka, na mwakani utafanya mtihani tena. Kama ulijua, basi mulipanga pamoja kumudanganya Dokteri, na unaondoka leo. Ulijua ao hukujua?"

Kabla hajafungua mdomo, baba mdogo alibandika uso wake kwenye wavu.

"Na sisi tunataka kusikia!" alisema. "Kama alijua ni Nyiransabimana, huyu ni mukwe wa heshima. Kama hakujua, basi kwa roho yake alifunua mama yetu na mukono yake. Ng'ombe yake tutamurudishia, na Béata hataolewa naye."

Niliwachukia wote wawili, Masera ndani na baba mdogo nje, kila mmoja na sheria yake, na katikati mtu mmoja aliyesimama pekupeku juu ya maji ya sinia. Ukweli niliujua. Macho yangu yalimwona akifumba yake. Hakujua. Akisema kweli, anabaki na shule na kunipoteza mimi. Akisema uongo, ananipata mimi, na diploma inakwenda na maji. Nikamtazama. Nilitaka anitazame, lakini alikuwa anamtazama Masera.

"Nilijua," akasema. Alisema kwa Kiswahili.

Wanawake wa wodi wakapiga makofi. Wengine walikuwa wagonjwa wa kufa, wakapiga makofi. Baba mdogo alinipiga bega, "Mukwe ndiye huyu!" Polycarpe aliyekuwa akingoja zamu yake alikaa chini sakafuni na sinia mapajani. Masera hakufurahi na hakukasirika. Alimkaribia Viateur.

"Angalia mimi. Ulijua?"

"Nilijua, Masera."

Nikaona uso wa Viateur ukilegea, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka mitatu. Nikasema moyoni, huyu ananipenda. Nililia pale kwenye wavu, sina aibu. Mama alipigwa sindano yake na Masera mwenyewe, na baada ya siku chache kichomi kikamwachia.

Lakini siku ile ile Viateur alivua shati jeupe la hospitali, akalikunja, akaliacha juu ya benchi. Wakampa kisanduku chake na blanketi. Nilimwomba baba mdogo ruhusa ya kumsindikiza hadi kijito, akakubali haraka, maana sasa alikuwa anamsifu kwa kila aliyepita. Jua lilikuwa kali, na barabara ilikuwa na watu wa soko wanaopanda kuelekea Kitshanga na ndizi vichwani.

Kwenye kijito akatua kisanduku, akanawa uso.

"Viateur," nikasema, "mimi nilikuwa kwenye dirisha. Ulijua?"

"Hapana."

"Nilijua kwamba hukujua."

Akakaa kwenye majani. Nikangoja aseme lile neno, la kwamba ni juu yangu, kwa ajili yangu. Hakulisema, na hasira ilianza kunipanda. Kwani ningeomba mangapi? Neno moja.

"Basi ulidanganya juu yangu," nikasema mwenyewe.

Alifikiri. Mwanaume mwingine angejibu ndiyo, yakaisha. Viateur hajui kufanya hivyo.

"Sijue, Béata. Masera aliposema nitarudia mwaka, jibu ilijaa mudomoni yenyewe."

"Hukumusikia baba mudogo?"

"Nilimusikia kisha."

Akalaza kichwa juu ya kisanduku, akasema, "Nipumzike kidogo," na usingizi ukamchukua hapo hapo, juani, mdomo wazi. Mtu hasinzii hivyo. Alianguka usingizini kama gunia. Nikakaa kando yake nikifukuza nzi wasimguse usoni, na machozi yalinitoka kwa hasira, nikitaka kumtikisa aamke aniambie, kama Masera angesema mwezi badala ya mwaka, angejibu nini.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Wanawake watatu wa Muheto wenye ndizi walisimama, wakatutazama, wakafurahi.

"Béata, weye uko na bahati! Muntu ameacha uganga juu ya mama yako na juu yako. Wanaume kama huyu wako wapi tena?"

Nikawaambia asante.