Mzinga Niliokatazwa Kuuchungulia

Mimi ni mtu wa nguvu ya soda, nalisema mwenyewe kabla ndugu zangu hawajanisemea. Nilianza bustani ya mchicha, ikanichosha. Nilianza masomo ya jioni, nikayaacha madaftari yangali mapya. Ndiyo maana shangazi aliponipa mti wa marehemu baba, kwenye msitu wa njia ya Ulyankulu, nitundike mizinga, aliweka sharti: nyuki wakihama, mti anampa binamu yangu.

Nilitundika miwili. Nyuki wakaingia, na utulivu ukaniisha. Kila baada ya siku mbili nilikuwa juu ya mti, nagonga mzinga, nasikiliza, nafungua mfuniko kuchungulia kama masega yameanza. Nilijiona hodari kuliko wazee waliotulia nyumbani wakisubiri msimu. Wiki ya tatu mzinga wa kwanza ulikuwa mtupu. Nyuki hawataki mtu wa kiherehere.

Nilikasirika, nikawatukana. Kisha nikaogopa, maana ulibaki mmoja tu. Nikaapa sipandi tena hadi msimu. Kiapo kilidumu siku nne. Ya tano nilijikuta nimeshakumbatia shina, viatu viko chini.

Nikashuka, nikampelekea shangazi kamba yangu ya kupandia. Nilimwomba aifiche, na kila nitakapoifuata anipe kwanza gogo nichonge mzinga mwingine. Hakunicheka sana. Aliuliza tu kama nina uhakika, maana magogo anayo mengi.

Niliifuata kamba mara nyingi, aibu tupu. Kila mara niliishia uani na tezo, nachonga kwa hasira, mwili uko pale na roho iko msituni. Hamu haikupungua hata kidogo. Ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Msimu ulipofika, mizinga minne mipya ilikuwa imeegemea ukuta, na nyuki wa ule wa pili walikuwa bado wapo. Shangazi akanifuata hadi chini ya mti, akanikabidhi kienge kinachofuka moshi. Nilipanda, nikafukiza, nikakata sega moja moja, asali ikinichuruzika hadi kwenye viwiko. Yakabaki ya mwisho, yale wanayoachiwa nyuki wasihame kwa njaa. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaurudisha.

"Umewaachia?" shangazi aliuliza nilipokanyaga chini.

"Nimewaachia," nikasema, na papo hapo nikatamani kupanda tena nikahakikishe.